Godoro la Kuangukia kwa Warukaji wa Juu

Dick Fosbury wa Marekani alipouvuka ufito kwa mgongo, kichwa kikitangulia, akafikia mita 2.24 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, aliubadilisha kabisa mchezo wa kuruka juu. Lakini mtindo wake ni hatari kumfundisha kijana anayeangukia mchanga. Ndiyo maana nalisifu kwa dhati godoro hili la sponji tulilolinunulia timu yetu ya vijana: ni nene, halibonyei hadi chini, na msichana mmoja aliyekuwa akijikunja kwa hofu kila alipofika kwenye ufito sasa anatua kwa mabega bila kusita. Kasoro ni zipu ya kifuniko, iliyong'oka meno ndani ya wiki mbili.