Kontakti lenzi za silikoni kwa mtoto aliyetolewa mtoto wa jicho: rivyu ya mzazi

Nianze na hukumu kabisa mengine yatafuata. Kwa mtoto mchanga aliyetolewa mtoto wa jicho kwenye jicho moja na akabaki bila lenzi yake ya asili, hizi lenzi laini za silikoni nazipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibania nitaieleza huko chini. Binti yetu alifanyiwa upasuaji akiwa hajafikisha miezi 2, ameanza kuvaa hizi lenzi muda mfupi baada ya hapo na mpaka leo anazivaa na ameshaanza shule ya awali, kwa hiyo siandiki kwa kubahatisha.

Wazazi wengi ukiwasikia wanazisifia au wanazilaumu hizi lenzi kwa swali moja tu, inakaa au inatoka. Hilo ni swali la wiki za mwanzo jamani. Swali linalodumu ni hili: lenzi inaweza kulifuata jicho linavyokua? Maana jicho la mtoto halijatulia hata kidogo. Anapozaliwa lina urefu wa kama milimita 17 kutoka mbele mpaka nyuma, la mtu mzima ni 23 na kitu, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti inaongezeka ndani ya miaka 2 ya mwanzo, tena mwaka wa kwanza ndio wenyewe kwa kasi. Konea nayo, ile sehemu angavu ya mbele, inaanza ikiwa imebinuka sana ina pawa (nguvu ya kupinda mwanga, inahesabiwa kwa dayopta) ya kama 51, halafu ndani ya miezi michache inalegea kuelekea 44 au 45 hivi. Na lenzi ya asili, kwa mtoto aliyenayo, inapunguza nguvu taratibu, kutoka kama 34 kwa mchanga mpaka karibu na 20 ukubwani. Vyote vitatu vinabadilika kwa kusikilizana ili picha iendelee kutua kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndiyo maana watoto wengi wanakua bila kuhitaji miwani na hakuna anayejua kazi kubwa iliyofanyika humo ndani.

Sasa daktari akishaitoa lenzi, kimoja kati ya vile vitatu hakipo tena. Jicho linaendelea kurefuka kama kawaida yake lakini hakuna kinachopunguza nguvu ndani kulifidia, kwa hiyo ile kazi inahamia nje, kwenye lenzi unayonunua na kwa anayempima mtoto. Ukilielewa hili utaelewa kwa nini nasema uzuri wa hii bidhaa ni kwamba unaitoa unaweka nyingine.

Ya kwetu ilianza na plus 29. Ikaja 26, ikaja 23, ikaja 20, na sasa tuko 17. Namba inashuka kwa haraka mwanzoni halafu inapunguza mwendo. Kuna dada mmoja tulikuwa tunakutana naye kwenye foleni ya kliniki aliniuliza kwa hofu kabisa, "Dada, mbona wanampunguzia mwanangu pawa kila tukija, jicho ndio linakufa?" Nikamwambia hapana dada yangu, linakua, jicho fupi linataka pawa kubwa na likirefuka linataka ndogo. Alishusha pumzi mpaka na mimi nikasikia. Hii kitu ingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila boksi la lenzi za watoto.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi, pawa wanayompa mchanga sio ile hasa iliyopimwa. Wanaongeza kama 2 au 3 juu yake kwa makusudi, kwa sababu jicho lisilo na lenzi haliwezi kujirekebisha lenyewe kuangalia karibu, na dunia ya mchanga yote iko karibu, uso wa mama, mikono yake mwenyewe, mdoli. Akishaanza kutembea na kutaka kuona mbali wanaondoa ile nyongeza na anapewa miwani ya juu yenye sehemu ya kusomea. Binti yetu sasa anavaa lenzi na miwani kwa pamoja, watu wanashangaa lakini kila kimoja kina kazi yake.

Tuje kwenye lenzi yenyewe. Ni ndogo, upana milimita 11.3, na ina ugumu wa mpira fulani hivi, haijikunji kama lenzi za watu wazima, hiyo inasaidia sana unapoiweka kwenye jicho la mtu asiyetaka kabisa umguse. Silikoni inapitisha hewa vizuri mno na hiyo ndio sifa yake kuu, konea ya mtoto inahitaji oksijeni na lenzi yenye pawa kubwa kiasi hiki ni nene katikati, ingekuwa ya plastiki ya kawaida ingelinyima jicho hewa. Zimeruhusiwa hata kulaliwa, ila kulala na lenzi yoyote kunapandisha hatari ya maambukizi, kwa hiyo sikiliza daktari wako anasema uitoe kila baada ya muda gani na usijipangie mwenyewe. Sheria ya nyumbani kwetu haina mjadala: jicho likiwa jekundu, au likitoa matongo, au mtoto akilifumba, lenzi inatoka kwanza, halafu siku hiyohiyo tunaenda kuonana na daktari.

Udhaifu upo. Silikoni inavuta mafuta, baada ya miezi kadhaa inakuwa na ukungu usiotoka hata usugue vipi, na mtoto hawezi kukuambia kwamba haoni vizuri. Mulika kwa tochi ndogo kwa pembeni, kama lenzi haing'ai tena omba nyingine hata kama pawa haijabadilika. Pia mtoto akisugua jicho inaweza kutoka ukaikuta shingoni au ndani ya nguo au usiikute kabisa, kwa hiyo bila lenzi ya akiba msianze hii safari. Akikaa hata wiki 2 bila lenzi katika umri ule, kwa ubongo unaojifunza kuona ni muda mrefu sana.

Na ile nyota niliyoibania ni hii hapa. Pawa za wachanga zinatengenezwa kwa kuruka 3: 23, 26, 29, 32. Mtoto ambaye jicho lake linataka 24 na nusu anaelea katikati, unachagua zidi au pungua. Zikishuka mpaka 20 kuteremka zinapatikana kwa hatua ya moja moja, lakini kipindi ambacho jicho linakimbia kuliko vyote ndicho kipindi ambacho machaguo ni machache. Lenzi ngumu zinazopitisha hewa zinachongwa kwa pawa yoyote unayotaka na kwa mkunjo wa konea ya mtoto wako, ni bora kwa hilo, ila zinahitaji mtu mwenye mkono na uzoefu wa kuzipima kwa wachanga na sio kila kliniki inaye.

Miwani je? Kama mtoto katolewa mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, miwani ni chaguo la heshima na wala usimwonee huruma, watoto wanazizoea haraka wakishagundua wanaona. Angalia tu zikae juu na karibu na jicho, zikiteleza puani pawa yake kwa jicho inabadilika, na kwenye plus 20 hata milimita chache ni jambo kubwa, kwa hiyo mkanda wa nyuma ya kichwa sio urembo. Ila kwa jicho moja miwani inashindwa, kwa sababu inakuza picha ya upande ule zaidi ya robo kuliko upande mwingine na ubongo hauwezi kuziunganisha. Lenzi inayokaa juu ya konea yenyewe inapunguza hiyo tofauti sana, bado ipo ila ni ndogo.

Halafu lipo swali ambalo kila ndugu anakuja nalo, kwa nini asipandikiziwe lenzi ndani ya jicho moja kwa moja kama babu alivyofanyiwa yakaisha? Babu jicho lake limeshamaliza kukua. Kumpandikizia mchanga lenzi ni kama kumnunulia sare kubwa ili aje kuifikia, daktari anakisia jicho litafika wapi, anamwacha kwanza na upungufu wa plus 6 au 8 unaozibwa na miwani, halafu anasubiri. Kisio linaweza kwenda mbali na ukweli. Ule utafiti mkubwa wa Marekani, Infant Aphakia Treatment Study, ulichukua wachanga 114 wenye tatizo kwenye jicho moja, nusu wakapandikiziwa lenzi nusu wakapewa kontakti lenzi. Walipofika miaka 5 waliopandikiziwa walikuwa katikati yao kwenye minus 2 hivi (minus maana yake jicho limerefuka kupita lenzi yake, haoni mbali), lakini wengine bado plus 5 na wengine wameenda mpaka minus 19! Lenzi ileile iko ndani, jicho limekwenda lilikotaka. Uwezo wa kuona haukutofautiana kati ya makundi mawili, ila waliopandikiziwa walirudishwa tiata mara nyingi zaidi, hasa kusafisha utando uliojirudia kwenye njia ya mwanga ndani ya jicho, kwa sababu seli za mtoto zinaota upya kwa nguvu kuliko za mtu mzima. Uingereza na Ireland nao waliwafuatilia watoto wa chini ya miaka 2 wakaona kitu kinachofanana na hicho. Kwangu mimi hiyo ilimaliza mjadala.

Sasa jambo ambalo naomba mlisome kwa utulivu. Nimesema namba kushuka ni kawaida. Ila ikishuka kwa kasi kuliko inavyotegemewa kwa umri ule, hapo hakuna kufurahi kwamba "mtoto anapona", hapo inawezekana ni presha ya jicho, glakoma. Ukuta wa jicho la mtoto mdogo bado ni laini, presha ikipanda jicho linatanuka na kurefuka, na likirefuka linataka pawa ndogo, kwa hiyo dalili ya hatari inaweza kuja ikiwa imevaa sura ya habari njema. Katika utafiti uleule, baada ya miaka 10 kama asilimia 22 ya macho yaliyofanyiwa upasuaji yalikuwa yamepata glakoma, na mtoto akipandikiziwa lenzi au asipandikiziwe hatari ilikuwa ileile. Inaweza kuja mwaka wa kwanza au miaka mingi baadaye wakati wote mmeshasahau. Machozi yasiyoisha, kukimbia mwanga, jicho moja kuonekana kubwa kuliko lingine, konea yenye ukungu, hivyo vyote ni vya kuwahi hospitali. Lakini mara nyingi inagundulika kwenye vipimo kabla hujaona chochote, ndiyo maana huduma ninayoithamini kuliko hata lenzi ni ile ya mpimaji anayeandika pawa na presha na urefu wa jicho kila mara kwenye karatasi moja, ili uone mwenendo. Mtoto mdogo mara nyingine anapimwa akiwa amelazwa usingizi ndio wapate altrasaundi ya urefu na presha ya kuaminika. Wazazi tunaogopa ule usingizi na nawaelewa kabisa, ila omba wakupe namba zote za siku hiyo uziandike na wewe daftarini.

Kwa hiyo mtu akikuuzia lenzi bila kuuliza vipimo vya mwisho ni vya lini, ondoka. Duka moja lilinishawishi nichukue za mwaka mzima za pawa moja eti inakuja nafuu, mtoto akiwa bado mchanga! Nafuu ya nini wakati baada ya miezi michache hazimfai? Kwa umri ule chukua inayovaliwa na akiba yake moja, basi.

Na lenzi peke yake haitoshi, hii nasema kwa haraka maana inajulikana: lile jicho lenye afya linazibwa kwa stika ili ubongo ulazimike kutumia lile lingine. Kwenye utafiti ule walianza na saa 1 kwa siku kwa kila mwezi wa umri mpaka miezi 8, baada ya hapo nusu ya muda ambao mtoto yuko macho. Daktari wako anaweza kupanga tofauti. Ni kazi ngumu kuliko kuweka lenzi, mtoto analia, anaibandua, unabandika tena. Stika bila lenzi yenye pawa sahihi ni mateso ya bure kwa mtoto kwa sababu unamlazimisha atumie jicho lisiloona kitu, na lenzi bila stika, kwa jicho moja, ubongo utaendelea kulipuuza lile jicho.

Nani nampendekezea? Jicho moja, umri chini ya miaka 2, na una mpimaji wa watoto unayeweza kumfikia mara kwa mara, chukua hizi za silikoni bila kusita. Macho yote mawili na kliniki iko mbali, na unaona kutunza lenzi kwa usafi kutakuwa shida, miwani mizuri inayokaa sawa itamfaa kuliko lenzi isiyosimamiwa.

Kwa binti yetu daktari ameshaanza kuongelea kupandikiza lenzi, kwa sababu sasa jicho limepunguza mwendo na kisio lake halitakuwa mbali kama lingekuwa uchangani. Lakini anataka kwanza aone vipimo vya urefu vinakaribiana mara kadhaa mfululizo na presha imekaa vizuri. Mpaka hapo tunaendelea na hizihizi, na oda inayofuata nimeomba 17 na akiba ya 16.