Klipu ya shilingi 1,500 iliyonilisha chokaa Bawe

Nilinunua klipu sita za kubania mipira ya maji, shilingi 1,500 moja, kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Duka silitaji. Wanaolijua watalijua kwa yule kijana wa kaunta ambaye ukimtolea salamu anaitikia simu yake.

Najua mtauliza klipu ya tangi la maji imemkosea nini mtu mzima mpaka akae usiku aiandikie maoni ya nyota. Niliifunga kwenye ribriza, mashine ya kupumulia chini ya maji, niliyoiunda kwa mikono yangu, na siku ya kwanza kuiteremsha baharini, baada ya wiki kadhaa za kuijaribu kwenye tangi uani na kwenye bwawa la hoteli ninakofanya kazi, ikaachia. Mita nne chini. Na mimi ndani yake.

Kwa wasiozamia: mtungi wa kawaida unavuta hewa, ukiitoa inakwenda zake mapovu. Ribriza haitupi kitu. Unachokitoa kinapita kwenye kopo la chokaa, chokaa inaila hewa ya ukaa, oksijeni inaongezwa kidogo, inarudi kinywani. Sikuvumbua mimi, Mwingereza Henry Fleuss alikuwa na yake tangu 1878. Vipimo vya yangu sitaviandika na msiniombe mchoro, shemeji yangu mwenyewe kaomba nimemnyima. Kitu hiki kinaua kimyakimya. Oksijeni ikipungua humo ndani mwili haukupi taarifa, unalala tu. Na oksijeni ikiwa tupu, ukishuka nayo chini sana, ni sumu: Cousteau, yule Mfaransa, alijiundia yake mwishoni mwa miaka ya 1930 akashikwa na degedege chini ya maji, nusura tusimjue. Mpaka wa oksijeni tupu ni mita 6. Mimi nilijiwekea 5, na kamba yenye fundo, na mpwa wangu pembeni na mtungi wa kawaida, na kimtungi changu cha akiba kifuani. Yaani niliogopa kila kinachoogopwa. Klipu sikuiogopa.

Na niliuliza! Hili ndilo linaloniuma. Nilisimama pale kaunta nikamuuliza, hizi ni stenlesi kweli au rangi? Akajibu macho yake yapo kwenye simu: "Stenlesi mzee, hata uzizike baharini." Bahari kaitaja yeye. Mimi sikuwa nimemwambia nazipeleka wapi. Na boksi lake, ninalo hapa, limechapishwa stenlesi kwa herufi kubwa na picha ya boti.

Basi tukaenda. Ilikuwa mwanzo mwanzo wa kaskazi, siku za maji mafu, bahari imetulia kama maji ya mtungini. Tukatia nanga kwenye kisiwa cha Bawe, upande usio na mkondo. Nahodha ni mzee wa makamo ambaye amenipeleka baharini miaka mingi, akaitazama mashine yangu, lile kopo la bomba la plastiki na mifuko ya turubai, akaniuliza kama nina wosia.

Nikashuka. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama nina hasira, kwa sababu zile dakika kama ishirini sijawahi kuzipata katika miaka yote ya kuwashusha wageni.

Hakuna kelele. Mzamiaji hajui kwamba anapiga kelele mpaka siku anyamaze. Kwa mtungi unakwenda kama pikipiki mbovu, kila pumzi brrrr, samaki wote wanakukaa mbali kwa adabu. Siku ile nilisikia pono wanatafuna matumbawe, kraa, kraa, kama watoto wanakula kashata, wengine wako nyuma yangu kabisa. Pono, ambaye sisi tunamsingizia usingizi! Anafanya kazi kutwa. Kuna pweza alikuwa nje ya tundu lake, akanitazama, akabadilika rangi mara mbili, akaona sina maana, akaendelea na shughuli zake. Pweza wa Bawe ambaye kila siku anavuliwa! Nilipiga magoti kwenye mchanga nikakaa tu. Nilitamani fundi wa mafriji aliyenisaidia kukata lile kopo angekuwepo aone. Ningempa nyota tano, yeye na yule mama aliyenishonea mifuko. Ile mifuko haikuvuja hata tone.

Halafu nikasikia glo.

Sauti ndogo, kama mtu kameza maji chumba cha pili. Nikavuta pumzi, ikaja nzito. Glo, glo. Mpwa wangu baadaye akaniambia aliona mapovu yanatoka nyuma ya sikio langu muda tu, lakini hakushtuka, kwa sababu yeye maisha yake yote mzamiaji hutoa mapovu. Nilimfundisha kila kitu, nikasahau kumwambia kwamba kwenye mashine hii povu moja ni kilio.

Pumzi iliyofuata ilikuja na maji, na maji yameshapita kwenye chokaa. Wazamiaji wa ribriza wanalijua hili na wanalitania. Mimi silitanii. Nilipokuwa mdogo niliiba chokaa ya tambuu kwenye kijaluba cha bibi nikailamba nikidhani ni maziwa mazito, na bibi akanicheka mpaka machozi. Ni chokaa ile ile, ila hii niliyoagiza Dar, ya mashine za usingizi za chumba cha upasuaji, ina kostiki soda kidogo ndani yake, ile ile wanayopikia sabuni. Sasa chukua ile ya bibi, itie moto, ijaze kinywa kizima, na huwezi kutema kwa sababu ukifungua mdomo bahari inaingia. Nikafunga vali ya kile kipande cha kinywani, nikashika kimtungi cha akiba, nikavuta, nikapanda polepole huku natoa hewa kama ninavyowafundisha wengine. Mikono ilijua kazi yake. Kichwa kilikuwa kinamtukana kijana wa kaunta tangu mita ya nne mpaka juu, hilo nakiri.

Nahodha akaniona ninavyotema. "Umekula chokaa," akasema, "tambuu iko wapi?"

Nilisukutua dumu zima la lita tano. Siku nne sikuweza kula urojo. Mtu wa Unguja, siku nne bila urojo, kila ukwaju ukigusa ulimi nasikia pasi.

Nyumbani niliifungua ile klipu. Tazameni vizuri na za kwenu, ni kitu cha kuangalia karibu. Ukanda unang'aa kama mpya, hauna alama. Skrubu yake ndiyo iliyokwisha: meno yameliwa, kutu imetoka kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kikombe, ukiigusa kwa kucha inameguka. Nikachukua sumaku ya spika mbovu. Ukanda haukushtuka. Skrubu ikaruka yenyewe ikaganda. Chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro. Yaani wamekuuzia ukanda stenlesi na kuufunga kwa msumari. Ni sawa na kununua mlango wa mvule wenye bawaba za kadi.

Nikaipeleka dukani. Assalam aleikum. Kimya. Nikairudia, maana labda hakusikia. Akainua kidevu. Kidevu! Salamu inaitikiwa kwa kidevu siku hizi?

"Mzee, bidhaa ikishauzwa hairudi."

"Sitaki pesa, mwanangu. Nataka uione."

"Hii ya tangi. Nani kakwambia uzame nayo?"

"Si wewe ulisema hata baharini?"

"Mie?" Akacheka kwa pua, akageuka kumpimia mtu misumari. Kilo mbili za misumari, nimesimama na skrubu yangu mkononi, hajanitazama tena.

Nilitoka pale nimeamua nyota sifuri. Nikamsimulia mke wangu nikitegemea ataungana nami. Akasema: "Mtu ana wajukuu, anajifunga kopo mgongoni kwa klipu ya bafuni, halafu anamlaumu mtoto wa watu." Nikanyamaza kwa sababu kuna jambo sikumwambia, na hapa nawaambia nyie. Ile klipu niliifunga utepe mweusi wa umeme juu yake, isije ikakwaruza mfuko. Kila nilipotoka kwenye maji niliisuuza mashine kwa maji baridi, nikajisifu, na maji ya bwawa yamekaa chini ya utepe wiki zile zote yanakula. Bila utepe ningeiona kutu siku ya tatu. Tena mafundi wa mashine za boti pale Malindi, ambao nimekunywa nao kahawa miaka yote, kila kiungo kilicho chini ya maji wanakifunga klipu mbili. Mbili! Nimewaona mara ngapi? Mimi nikafunga moja, nikaiziba macho, nikashuka nayo.

Kwa hiyo nikapandisha nyota tatu. Maana klipu nyingine, za ule mpira wa tangi la mama mkwe, zimebana vizuri na tangi halivuji, na mama mkwe anazisifu kila nikienda. Kwa shilingi 1,500, kwa tangi, kwa maji matamu, chukueni.

Lakini nikilala nakumbuka ile picha ya boti kwenye boksi. Aliyeichora alikuwa anamfikiria nani, mama mkwe? Ukiweka boti kwenye boksi umesema bahari. Na kijana kasema bahari kwa mdomo wake. Kuna vijana wanaozamia majongoo bahari kwa vifaa vibovu kuliko changu, bila mpwa, bila kimtungi kifuani, wananunua duka hilo hilo. Nimeshusha tena, nyota moja, na hiyo moja ni ya ukanda.

Nimepata klipu nyingine kwa muuza vipuri vya mashine za boti, bei mara nne, nikaingia na sumaku mfukoni nikazijaribu mbele yake zote, ukanda na skrubu. Hakununa. Akaniambia lete na kiti ukae. Sasa ni mbili mbili kila kiungo na utepe nimeutupa. Maji mafu yajayo narudi kwa pweza wangu, nahodha kasema safari hii anabeba tambuu.

Ile skrubu ninayo, nimeitia kwenye kichupa cha dawa ya macho na kipande cha sumaku. Siku yule kijana akiitikia salamu nitamwonyesha.