Fainali ya spidiwei ya timu ukiitazama kutoka Dar: sifuri ndiyo inayoua

Tarehe 29 Julai 2023, mjini Wrocław, timu ya Polandi ilitwaa Kombe la Dunia la spidiwei, mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, kwa pointi 33. Uingereza wakashika nafasi ya pili kwa 31. Hiti, yaani mbio fupi moja moja, zilikuwa 20 na mshindi wa hiti hupata pointi 3, maana yake timu ingeweza kufika 60. Bingwa alikuwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na Bartosz Zmarzlik yumo kikosini akiwa tayari bingwa wa dunia wa 2019, 2020 na 2022. Bado Polandi wakamaliza na zaidi kidogo ya nusu. Gawa 33 kwa 20: ni pointi 1.65 kwa hiti, yaani wastani ulio kati ya nafasi ya pili na ya tatu.

Ukiielewa hesabu hiyo, umeielewa fainali ya timu. Usipoielewa utaona pikipiki nne zikizunguka kwenye vumbi kwa dakika moja, mtu anashangilia, kisha wanazunguka wengine. Tunaipitia hapa kama kitu cha kutazama kwa mtu aliye Dar es Salaam, kwa sababu mji huu una mafundi na madereva wa bodaboda wanaoijua pikipiki kwa mikono yao, na mchezo huu ungewafaa kuliko wanavyodhani.

Kwanza pikipiki yenyewe. Ina injini ya silinda moja ya cc 500, inakunywa methanoli badala ya petroli, ina gia moja tu ya kukimbilia, na haina breki. Hata moja, mbele wala nyuma. Kanuni inataka uzito usiopungua kilo 77, kwa hiyo ni nyepesi kuliko bodaboda nyingi zilizopaki pale Mwenge huku injini yake ikiwa zaidi ya mara tatu. Kona zote ni za kushoto. Dereva analitoa tairi la nyuma kwa mafuta, tairi la mbele analielekeza upande wa nje wa kona, na mguu wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma, unaburuzwa ardhini kama nguzo. Akifunga mafuta ghafla katikati ya kona, tairi la nyuma linashika na pikipiki inamrusha. Kwa hiyo anayeogopa anatakiwa kuogopa huku amefungua mafuta. Kwenye mkono wa kulia kuna kamba iliyofungwa kwenye swichi ya injini, akianguka inachomoka na injini inazima.

Hiti moja ni mizunguko minne. Uwanja wa Wrocław una mita 352, hivyo hiti nzima haifiki kilomita moja na nusu. Huna muda wa kusubiri mambo yachangamke. Tepe za kuanzia zinaruka juu, na kabla ya kumaliza kona ya kwanza sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika.

Ndiyo maana klachi ni kitu cha kuangalia. Dereva anapokaa kwenye tepe akiwa ameinua mzunguko wa injini na kuibana klachi nusu, sahani zinapata moto. Refa akichelewesha, zinapanuka, na tepe zinapoinuka pikipiki inaondoka kwa kusita au inainua tairi la mbele. Watazamaji wapya husema huyu kalala. Hakulala, klachi imempiga. Fundi yeyote wa Kariakoo aliyewahi kufungua klachi ya bodaboda iliyopanda mlima na abiria wawili na gunia ataelewa bila kuelezwa.

Jambo la pili ni sproketi. Kwa kuwa gia haibadiliki njiani, mafundi hubadilisha sproketi kati ya hiti na hiti. Udongo ukiwa mzito na una maji, wanaweka ya nyuma yenye meno mengi zaidi ili ivute. Ukikauka na kuwa mtelezo, wanapunguza jino moja au mawili ili tairi lisizunguke bure. Ni hesabu ileile ya dereva wa bodaboda anayeongeza meno nyuma kwa ajili ya mizigo, ila hapa inafanywa ndani ya dakika chache, na kosa la jino moja linatosha kumtoa mtu nafasi ya pili hadi ya mwisho. Mkiona dereva anashinda hiti ya tatu kwa mbali kisha hiti ya saba hasogei, mara nyingi uwanja umebadilika na pikipiki yake haijabadilika.

Uwanja hubadilika kweli. Udongo uliosagwa unasukumwa na matairi kuelekea nje, ndani panabaki pagumu na pa kuteleza, nje panajaa udongo wa kushika. Hivyo jioni ikianza, geti la ndani, yaani nafasi ya kuanzia iliyo karibu na katikati ya uwanja, lina faida ya njia fupi. Baadaye anayezunguka kwa nje anapata mshiko na kuwapita wenzake kwa kasi ambayo kwenye skrini inaonekana kama kosa la kamera. Kwa kawaida baada ya kila hiti nne trekta huingia kuusawazisha, na boza likamwaga maji. Hiti ya 5, ya 9, ya 13 na ya 17 basi ni hiti za kuangalia kwa jicho la pekee: uwanja ni mpya, na aliyebahatisha sproketi anaonekana hapo.

Sasa hesabu. Katika Kombe la Dunia timu nne zinakutana, kila hiti ina dereva mmoja wa kila timu, na pointi ni 3, 2, 1, 0. Chukua karatasi, chora safu nne na mistari 20. Kila mstari ujumlishe 6. Ikiwa jumla ni pungufu, kuna aliyeanguka, aliyeharibikiwa au aliyeondolewa mpaka wasifike watatu kumaliza. Andika pia geti la kila timu, kwa sababu mageti hugawanywa usiku mzima ili kila timu ipite kila geti. Timu iliyo nyuma kwa pointi nne baada ya hiti 8 huenda imekwisha kuyamaliza mageti yake mabaya, na anayejua hilo haondoki kwenda kununua chipsi.

Kwenye karatasi hiyo utaona kwamba timu haishindi kwa kuwa na dereva mmoja anayechukua 3 kila mara. Zmarzlik peke yake hawezi kuibeba Polandi, kwa sababu hiti nyingi yeye hayumo. Inashinda timu ambayo dereva wake dhaifu, akiwa geti baya, anapigania ile pointi 1 mpaka mstari wa mwisho. Pengo la Polandi na Uingereza lilikuwa pointi 2. Sifuri mbili zilizookolewa. Kwa hiyo katika hiti usimtazame anayeongoza, akishatoka mbele kazi yake imeisha. Tazama wa tatu na wa nne. Watangazaji wengi wanakosea hapa, na kamera pia, maana humfuata wa kwanza mita mia moja peke yake huku vita yenyewe iko nyuma. Hilo ndilo lalamiko letu kubwa kwa matangazo ya mchezo huu.

Speedway of Nations, fainali ya jozi iliyoanza 2018, imelitatua jambo hilo kwa namna ya kuvutia. Nchi saba, kila moja ina madereva wawili uwanjani, kila nchi inakutana na kila nchi, jumla hiti 21. Pointi ni 4, 3, 2, 0. Angalia lilivyofanywa: wa tatu anapewa 2, wa mwisho hapewi kitu. Jozi inayochukua nafasi ya pili na ya tatu inapata 5, na inayochukua ya kwanza na ya mwisho inapata 4. Unaweza kushinda hiti kwa urefu wa pikipiki kumi na nchi yako ikapoteza, kwa sababu mwenzako kaachwa. Kinachotokea ni kwamba dereva aliye mbele anageuka kumtafuta mwenzake, anapunguza, anafunga njia ya ndani ili mwenzake apite nje. Kuendesha pikipiki isiyo na breki huku unamlinda mtu mwingine ni ufundi wa hali ya juu kabisa. Isitoshe, pointi 9 haziwezi kugawanyika sawa kwa wawili, hivyo wanne wakimaliza hakuna sare.

Ila muundo huo una dosari tusiyoikubali. Baada ya hiti 21, wa kwanza anakwenda moja kwa moja kwenye fainali kuu, wa pili na wa tatu wanapambana kumtafuta mpinzani wake, na ubingwa unaamuliwa kwa hiti moja. Manchester, Oktoba 2021, Polandi ndio walioongoza pointi, Uingereza wakawapiga kwenye hiti hiyo ya mwisho na kubeba ubingwa. Uingereza walistahili hiti ile. Lakini kazi yote ya kukwepa sifuri tangu mwanzo haikumpa kiongozi hata pointi moja ya akiba. Australia walibeba mashindano hayo Vojens, Denmark, 2022, kisha Uingereza wakayabeba tena nyumbani kwao Manchester 2024. Urusi walikuwa wamechukua matatu ya mwanzo, 2018 hadi 2020. Kombe la Dunia la timu nne halina mlango huo wa nyuma. Ulichokusanya ndicho chako.

Kwa hiyo kama ni mara yako ya kwanza na una usiku mmoja tu, tafuta Wrocław 2023. Alama yetu ni 9 kati ya 10 kwa mchezo, na 6 kwa namna unavyoonyeshwa. Fainali ya jozi tunaipa 8: hiti zake ni bora, mwisho wake si wa haki. Kombe la timu lipo tangu 1960, Uswidi walipolichukua kule Göteborg, na lilikaa nje kuanzia baada ya 2017 hadi liliporudi mwaka huo wa 2023, kwa hiyo usidhani linapatikana kila msimu.

Sasa mambo ya Dar. Kiangazi cha Ulaya saa ya Polandi na Denmark iko nyuma yetu kwa saa moja, ya Uingereza kwa mbili. Mbio zinazoanza saa 1 usiku Wrocław ni saa 2 usiku hapa. Manchester saa 1 usiku ni saa 3 usiku hapa. Usiku mzima, pamoja na trekta na boza, tenga saa mbili na nusu mpaka tatu. Mvua ikinyesha huko, ongeza, maana udongo ukijaa maji hawakimbii, na pengine wanaahirisha.

Kwa bando, picha safi ya hali ya juu hula takriban GB 3 kwa saa, hivyo andaa GB 9. Ukishusha mpaka ubora wa chini utatumia chini ya theluthi ya hapo, lakini vumbi na kasi huivuruga picha na rangi za helmeti zinachanganyika. Hilo ni baya kuliko linavyosikika: nyekundu, buluu, nyeupe na njano ndizo zinazokuambia nani ni nani, na katika fainali ya timu nne kila nchi ina rangi yake. Kwenye simu ndogo njano na nyeupe zenye matope hufanana. Bora utazame kwenye televisheni kwa ubora wa kati kuliko kwenye simu kwa ubora wa juu.

Mwenye kibanda umiza anayetaka kujaribu aonyeshe marudio kwanza, aliyokwisha kuyapakua. Moja kwa moja kuna hatari: mtandao ukikwama dakika moja umeikosa hiti nzima, si kama mpira ambako unarudi na kukuta bado 0-0. Marudio pia yanakuruhusu kuruka muda wa trekta. Bandika karatasi kubwa ya alama ukutani na umpe mtu mmoja kalamu; matangazo ni ya Kiingereza au Kipolandi, na karatasi ndiyo itakayozungumza Kiswahili. Waambie watu mapema kanuni tatu zinazozua kelele: anayegusa tepe anaondolewa kwenye hiti, anayesababisha mbio kusimamishwa anaondolewa na waliobaki wanarudia, na kuna dakika 2 za kufika kwenye tepe, akichelewa hana hiti. Wasipojua hayo watadhani refa kapewa kitu kidogo.

Na sauti usiipunguze. Kabla ya tepe kuinuka injini nne hupanda pamoja, na fundi mwenye sikio atamjua mwenye injini inayokosa moto kabla hajaondoka getini. Mkiisikia inakatakata, andika sifuri kwa penseli kwenye safu yake, halafu tazameni kama ataifuta.