Patti Smith: uanze na albamu au kitabu?

Patti Smith, mwimbaji wa roki na mshairi wa Marekani, ana milango miwili ya kuingilia: albamu ya Horses ya 1975 na kitabu cha kumbukumbu zake, Just Kids, cha 2010. Albamu haikubembelezi. Anaanza taratibu kama anayeghani shairi, kinanda kikimfuata nyuma, mara sauti inapanda mpaka inakwaruza. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, maneno mengi yatakupita.

Kitabu ni kipole zaidi: New York, njaa, chumba kidogo cha Chelsea Hotel, na mpigapicha Robert Mapplethorpe, mwenzake wa ujanani, huyohuyo aliyepiga picha ya jalada la albamu, shati jeupe, koti begani. Kabla Robert hajafariki mwaka 1989, Patti alimwahidi kwamba angekiandika. Mimi ningeanza na kitabu. Albamu baadaye, usiku, hedifoni masikioni.