Kupima usingizi Kampala: muuguzi nampa nyota tano, kaunta nampa moja

Nianze na bei ya kipimo hiki cha kukatika pumzi usingizini, maana ndiyo kila dereva ananiuliza tukikutana Naluwerere: shilingi laki tatu na nusu za Uganda, pamoja na laki mbili za dhamana unazorudishiwa. Unakabidhiwa kifaa jioni, unalala nacho kitandani kwako, asubuhi unakirudisha kabla ya saa nne. Kliniki iko Nakasero, ghorofa ya pili, chini yake duka la dawa. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko, na muuguzi aliyenihudumia hastahili kuingia humo.

Mimi naendesha trela, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine napitiliza hadi Kigali. Nina miaka hamsini na mbili, shingo nene, na tumbo la mtu anayelipwa kwa kukaa. Presha ninayo, vidonge nameza vya aina tatu, na bado haishuki inavyotakiwa. Hilo ndilo lililomfanya daktari wangu wa presha aulize, "Mzee, unakoroma?" Mama Shamim alikuwa pembeni, akajibu yeye. Akasema kukoroma alishakuzoea zamani. Kinachomtoa usingizi ni pale ninaponyamaza. Kifua kinaonekana kinavuta, hewa haisikiki, yeye anaanza kuhesabu, halafu nashtuka nikihema kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani.

Daktari akatuchorea. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine inalegea mno, ulimi na nyama za nyuma ya kaakaa zinaziba njia ya hewa. Oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha mwenyewe kwa sekunde chache ambazo asubuhi hazikumbuki, koo linafunguka, na mambo yanaanza upya. Madaktari wanaita apnea. Kila pumzi inapokatika mwili unaingia kwenye hali ya hatari na presha inapanda. Yaani vidonge vyangu vilikuwa vinajenga mchana, usiku unabomoa. Ukiiacha miaka na miaka, akasema, inakwenda pamoja na kiharusi, mapigo ya moyo ya kwenda ovyo na kisukari. Na ajali za barabarani, akaongeza, huku ananiangalia.

Kwenye kliniki kabla ya kifaa unapewa karatasi. Ina maswali manane, ilitungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, na inatumika nchi nyingi. Unajipa alama kuanzia sifuri hadi tatu: uwezekano wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima. Ukivuka kumi, una jambo. Swali la mwisho linauliza kama unaweza kusinzia ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Dakika chache! Aliyeandika hakuwahi kufikiria foleni ya malori mpakani Malaba. Mimi nilipata kumi na saba, na nilijibu kweli. Najua wenzangu wengi wasingejibu kweli, maana tajiri akisikia dereva wake anasinzia, funguo zinahamia kwa mwingine. Hapo ndipo kifaa kinapokuwa na maana. Karatasi unaweza kuidanganya.

Kifaa chenyewe ni kasanduku kadogo kanakofungwa kifuani kwa mkanda. Kuna mrija mwembamba unaokaa puani, na kibanio chenye taa nyekundu kidoleni. Mrija unasikiliza hewa, mkanda unaona kama kifua kinajitahidi, kibanio kinasoma oksijeni na mapigo ya moyo. Muuguzi alinifanya nijifunge mwenyewe mbele yake hadi akaridhika, akanionyesha plasta ya kushikilia mrija shavuni, akamwambia mama Shamim mtu mwenye rangi ya kucha aifute kwanza. Fomu zote ni za Kiingereza. Yeye alinieleza kwa Luganda, na nilipokwama akahamia Kiswahili cha Kampala, kile chenye ngeli chache. Nimekulia kambi ya polisi Naguru, tukaelewana vizuri. "Ssebo," akasema, "lala kama unavyolala siku zote, usijitengenezee usiku mzuri ili unifurahishe. Lakini mairungi leo hapana." Miraa, yaani.

Kulala nacho si kazi. Mrija unawasha kidogo puani, mkanda unasahau upo. Kwetu Bweyogerere umeme ulikatika usiku ule na kifaa hakikushtuka, kinatumia betri. Asubuhi nilikirudisha kwa bodaboda nikiwa nimekishikilia kifuani, na foleni ya Jinja Road sihitaji kuieleza.

Malalamiko sasa. Majibu yalipotoka niliitwa, nikadhani naingia kwa daktari. Nikaketishwa kaunta. Kijana mwenye tai akanigeuzia skrini, akanionyesha namba moja tu, imeandikwa kwa rangi nyekundu, kisha akatoa karatasi ya bei za mashine za kutibu hali hiyo. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa milioni tatu na laki sita, na akaniambia ofa inaisha Ijumaa. Nilikuwa nimelipia kusomewa majibu; nikasomewa bei. Nilipouliza oksijeni ilishuka hadi wapi, alisema ripoti yote iko kwenye barua pepe yangu. Kurasa zimejaa michoro, na mwisho wake sahihi ya daktari ambaye hadi leo sijamwona.

Nilizichapisha nikazipeleka kwa yule wa presha, na hapo ndipo laki tatu na nusu zangu zilianza kufanya kazi. Namba yangu ilikuwa 34. Maana yake kila saa hewa ilikatika au kupungua sana mara thelathini na nne, na hawahesabu ila ikidumu sekunde kumi au zaidi. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni nyepesi, 15 hadi 30 ya wastani, kuanzia 30 ni kali. Kwa hesabu ya dereva: dakika mbili hazitimii, nakabwa. Oksijeni ilifika chini hadi 76 kwa mia.

Akanieleza pia mambo mawili ambayo kaunta hawakuyagusa, na kwangu ndiyo ya muhimu kwa yeyote anayefikiria kipimo hiki. Kifaa cha nyumbani hakigusi kichwa, kwa hiyo hakijui kama umelala au unatazama dari. Saa za kugeukageuka macho wazi nazo zinaingia kwenye hesabu na kuishusha namba. Mtu akipata 4 na bado anasinzia kwenye usukani, hajapona, anahitaji kipimo kamili cha kulala chini ya uangalizi, chenye nyaya za kichwani zinazosoma ubongo. La pili ni kibanio cha kidole. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi huwakosea zaidi wagonjwa weusi, vikionyesha oksijeni iko juu kuliko ilivyo kwenye damu. Kwa hiyo ile 76 yangu huenda ilikuwa mbaya zaidi. Kliniki inayopima watu weusi tupu ilipaswa kuwa ya kwanza kulisema hilo.

Mashine nilinunua, ila si pale. Inaitwa CPAP, inasukuma hewa kupitia barakoa ya pua ili koo lisifunge. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1980, na zile za mwanzo ziliendeshwa kwa mota ya mashine ya kufagilia mazulia. Yangu inanong'ona tu. Kwenye gari naiunganisha na betri kwa adapta yake ya volti 24, na utingo wangu akiniona nimeivaa ananiuliza, "Mzee, unaenda mwezini?" Wiki za mwanzo nilikuwa naamka nikiikuta sakafuni. Presha imeanza kusikia dawa, ingawa daktari hajaondoa hata kidonge kimoja. Lakini ule uzito wa macho wa saa nane mchana, nikikatiza msitu wa Mabira na vivuli vya miti vikipita kwenye kioo, umeondoka. Mairungi nilikuwa natafuna kwa ajili yake. Nilidhani ni barabara.

Daktari ameniwekea sharti lingine ambalo mashine hailitimizi: saa saba za kulala, angalau. Mashine inafungua koo, haiongezi saa, na mtu anayelala saa nne na barakoa bado amelala saa nne. Hilo ni la kuzungumza na matajiri wenye magari, si na kliniki, na mazungumzo yangu na wa kwangu hayajaenda vizuri.

Nikijumlisha, nyota tatu. Kifaa na muuguzi wanastahili tano, na dhamana ilirudi kwenye simu siku ileile. Kaunta imekula mbili. Nenda ukapime, lakini kabla hujalipa hakikisha una daktari wako, asiyeuza mashine, atakayekaa na zile kurasa. Usinunue chochote siku ya majibu, hata ofa ikiwa inaisha Ijumaa; nilipita tena mwezi uliofuata kuchukua risiti na ofa ilikuwa bado inaisha Ijumaa. Na ukiweza, chukua kifaa Jumamosi jioni. Jumapili hawafungui, kwa hiyo unalala nacho hadi Jumatatu kwa bei ya usiku mmoja, na ukimwomba muuguzi vizuri anakuchajia betri ya pili.