Junior Eurovision kwa masikio ya kwaya ya watoto Kisumu: uzoefu wangu

Nafunza kwaya ya watoto kanisani hapa Kisumu, upande wa Migosi, na wazazi huniuliza sana ni kipindi gani cha uimbaji ambacho mtoto anaweza kutazama bila mzazi kukaa ameshika rimoti. Siku hizi nawajibu: Junior Eurovision. Ni mashindano ya nyimbo ya watoto yanayoandaliwa Ulaya kila mwaka tangu 2003. Nimeyatazama na wanangu nyumbani na pia na watoto wa kwaya, mengine mubashara na mengine marudio, na naandika kwa mzazi au mwalimu anayejiuliza kama bando lake litakwenda bure. Haliendi bure.

Kwanza, hakuna mtoto anayefukuzwa. Tulijaribu The Voice Kids, ile iliyoanzia Uholanzi mwaka 2012. Wanaoshiriki wana sauti za ajabu, lakini mtoto anaimba huku makocha wamekaa wamempa mgongo, na kiti cha hata mmoja wao kisipogeuka safari yake imekatika papo hapo, kamera zikimtazama. Binti yangu alinisihi nizime. Junior Eurovision haina nusu fainali. Ni usiku mmoja, kila nchi inaleta wimbo mpya, na wote wanaimba mpaka mwisho. Waimbaji ni wa miaka 9 hadi 14, na wimbo hauzidi dakika tatu, kwa hiyo hata wadogo wangu wa gredi ya pili hawachoki.

Jambo lililonifanya niwe shabiki kabisa ni lugha. Kanuni inataka angalau asilimia 60 ya wimbo iwe katika lugha ya nchi ya mtoto. Utasikia Kiarmenia, Kipolandi, Kimalta, Kireno, na hakuna anayeomba radhi kwa kutoimba Kiingereza. Mwaka 2024 fainali ilikuwa Madrid, nchi 17 zikashiriki, na aliyeshinda ni Andria Putkaradze wa Georgia, aliyesimama akamwimbia mamake kwa Kigeorgia. Georgia ina watu wasiofika milioni nne. Kwa sensa yetu ya 2019 Wajaluo ni zaidi ya milioni tano, na Waluhya zaidi ya milioni sita. Nchi hiyo ndogo imeshinda 2008, 2011, 2016 na 2024. (Ule ushindi wa 2008 watoto wangu wanaupenda kupita yote: watatu waliovaa kama nyuki, wakiimba maneno ya kubuni yasiyo ya lugha yoyote duniani.)

Nawaeleza kwa nini hili linanigusa. Mtoto mpya akija kwenye kwaya nikamwambia aimbe chochote anachokipenda, karibu kila mara ataimba Kiingereza, tena kwa kubana pua ili afanane na Mmarekani aliyemsikia kwenye simu. Sauti yake halisi inabaki imefungiwa ndani. Ukimuuliza wimbo wa nyumbani kwao anatazama chini, maana anaamini wimbo wa nyumbani ni wa matanga na harusi, si wa jukwaani. Nimewaambia mara nyingi kwamba si hivyo, na maneno yangu yalikuwa yanapita tu. Kumwona mvulana wa rika lao akiimba lugha ya kwao mbele ya ukumbi uliofurika, kisha anapewa kombe, kulifanya kazi ambayo mimi sikuiweza.

"Mwalimu, hiyo ni lugha gani?" mmoja aliniuliza. Nikamwambia. Akauliza tena kama huko shuleni kwao hawakatazwi kuizungumza.

Jumapili iliyofuata kijana huyohuyo alikuja na wimbo wa dodo, uimbaji wa asili wa Wajaluo, aliofundishwa na dani (bibi) wake huko Seme. Aliuimba akiwa amesimama wima, kidevu juu, bila kubana pua. Tangu hapo nimepata nyimbo za Kinyore, za Kimaragoli, hata bembelezi moja ya Kikisii ambayo mama wa mtoto alipoisikia alilia. Tunatafuta sasa mpigaji orutu, ile fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja, atakayekubali kuwavumilia watoto.

Upigaji kura nao umepangwa kwa busara. Majaji wa nchi zote wana nusu ya alama, na nusu nyingine inatoka kwa watazamaji mtandaoni. Kupiga kura ni bure na unaweza kupiga ukiwa Kisumu, Bungoma au Nakuru, ingawa Kenya haishiriki. Lakini huruhusiwi kuchagua mmoja tu. Sharti uchague nyimbo tatu au zaidi. Watoto wa kwaya walikubaliana haraka juu ya wawili wa kwanza. Kwa wa tatu walibishana hadi nikarudisha nyimbo tuzisikilize upya, na hapo ndipo walipoanza kutaja mambo ninayowafunza kila wiki: huyu pumzi zinakatika katikati ya neno, yule anamalizia noti vizuri. Watangazaji wa alama za majaji ni watoto pia, na wangu waliwaigiza wiki nzima.

Sasa yale yasiyonipendeza. Taa, moshi na skrini ni nyingi mno, na mara nyingine mtoto mwenyewe anapotea katikati. Mwimbaji mkuu anaimba hapo hapo, ila sauti za nyuma zinaruhusiwa kurekodiwa, kwa hiyo usitarajie mtoto wako ajifunze sauti ya pili kwa kutazama. Kwa hilo mpeleke kwenye tamasha letu la muziki la shule za Kenya, linaloendelea tangu 1927, ambapo hakuna pa kujificha na mwamuzi anasoma maoni yake ukumbi mzima ukisikia. Pia kamera hukaa muda mrefu kwenye uso wa mtoto anayepewa alama chache. Zamani kila nchi ilianza na alama 12 ili asiwepo wa kuondoka na sifuri, na natamani utaratibu huo urudi. Kwenye sehemu hiyo mimi hupunguza sauti na kuzungumza na watoto.

Tulipotazama ya Madrid ilianza saa mbili usiku kwa saa zetu, siku ya Jumamosi. Wadogo walikuwa wamesinzia kabla ya alama kusomwa, na stima nayo ikapotea mtaani. Tulimalizia kesho yake baada ya ibada, kwa sababu onyesho lote hubaki YouTube. Ukiwa na bando dogo, shusha ubora wa picha. Sauti haiharibiki sana. Maelezo ya Kiswahili hakuna, kwa hiyo soma kidogo kuhusu kila wimbo kabla, maana utaulizwa.

Watu huniambia tunayo yetu. Kweli, East Africa's Got Talent ya 2019 ilishindwa na ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, na waliimba vizuri mno. Ila pale watoto walipimwa pamoja na watu wazima na wacheza sarakasi. Ninachokililia ni jukwaa la watoto peke yao kwenye runinga zetu, kila mmoja na wimbo mpya wa lugha ya kwao. Fikiria mtoto wa Kakamega akiingia na isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, halafu afuatwe na wa Bungoma mwenye litungu na wa Siaya mwenye nyatiti, vinubi vya kwao. Wasanii wa kuwatungia tunao, na waimbaji ninao kumi na kitu hapa Migosi.

Kwa mtoto wa miaka saba kwenda juu ningekipa kipindi hiki alama tisa kwa kumi. Mnaotaka kuanza, anzeni na fainali ya 2024, kisha mrudi nyuma hadi wale nyuki wa 2008.