Logainm: nimeijaribu nikiwa Isevya, Tabora

Mimi mpima ardhi mstaafu, na ugonjwa wangu ni majina ya mahali. Juzi mjukuu alinifungulia Logainm, tovuti ya majina ya mahali ya Ireland. Ni ya bure. Unaandika jina, inakupa umbo lake la Kiairishi na ngazi zake: kaunti, baroni (mgawanyo wa zamani wa kaunti), parokia, mpaka kipande kidogo kabisa, mfano wa kitongoji chetu ila hakina mwenyekiti. Vipande hivyo ni zaidi ya 60,000!

Nikaandika Tubbercurry, kaunti ya Sligo. Kumbe ni Tobar an Choire: tobar ni kisima au chemchemi, coire ni chungu kikubwa cha kupikia. Waingereza waliandika walivyosikia, maana ikabaki kwa wenyewe. Nikacheka peke yangu. Sisi tuna kata ya Chemchem hapa mjini, na hakuna aliyeiharibu.

Majina mengi yana sauti ya kusikiliza. Nilirudia moja mara tano, mke wangu akauliza naongea na nani. Bando likakata hapo hapo, nikanunua jingine la elfu moja. Sasa nipo kwenye yanayoanza na Kil, kwa mengi maana yake ni kanisa.